Kwa nini wanajeshi humkwepa MP, polisi wa jeshi? Wanaojua mambo ya kambi za Lanet, Gilgil na Eldoret karibuni

#1 MwanaLanet
Wadau, habari za jioni. Kila usajili wa KDF (Majeshi ya Ulinzi ya Kenya) unapokaribia, hapa Nakuru maneno ni yale yale: omba Mungu upangiwe mizinga, mawasiliano, uhandisi au udereva, mradi isiwe MP. Eti ukishavaa kile kitambaa cha mkononi chenye herufi mbili, umeagana na marafiki. Ukikaribia meza ya kantini, watu wanabadilisha mada.

Nauliza kwa dhati. Hii chuki inatoka wapi? Ni kazi yenyewe, ni tabia za wanaoifanya, au ni urithi tu ambao kila kuruti anaukuta kwenye mafunzo Eldoret na kuubeba bila kuuliza? Nataka hoja za wanaojua kambi inavyoendeshwa. Porojo za stendi tumeshazisikia.

#2 JiraniWaGilgil
Jibu ni fupi. Hakuna anayempenda karao, yaani polisi, na MP ni karao unayeishi naye ndani ya ua mmoja. Kikulacho ki nguoni mwako.

#3 Kombania_B
#2, umechanganya watu wawili, na huo mchanganyiko ni sehemu ya tatizo.

Katika mfumo tuliourithi kwa Waingereza kuna polisi wa kikosi, RP, na kuna polisi wa jeshi, MP. RP ni askari wa batalioni ile ile. Leo yuko getini na gadirumu (chumba cha walinzi), mwakani anarudi kombania yake kushika bunduki kama wenzake. Bosi wake ni sajini meja wa kikosi na ajutanti, ofisa msaidizi wa kamanda. Anayekufokea kwa sababu kifungo cha shati kimeachia au buti hazijang'aa, mara nyingi ni huyo.

MP ni wa kozi yake mwenyewe. Amesomea sheria, upelelezi, udhibiti wa barabara na ulinzi wa mateka, na amri zake zinapanda hadi kwa Provosti Mkuu, mkuu wa polisi wa jeshi. Hazipitii kwa kamanda wa batalioni unayoishi. Kwa hiyo kamanda wa kikosi anaweza kumwambia RP, "Hili tulimalize hapa nyumbani," likamalizika. Kwa MP hawezi, kwa sababu taarifa ikishaandikwa kwenye kitabu cha matukio ina namba, ina saa, na ina nakala iliyokwenda kwingine.

Mimi naona hapo ndipo mzizi ulipo. Askari amezoea kwamba kikosi ni familia na makosa ya familia yanazungumzwa ndani. MP ndiye mlango ambao makosa hupitia kutoka nje.

#4 NamLolwe
Asante #3, hiyo tofauti ya RP na MP wengi hawaijui. Ila mzizi mimi nauona kwingine: cheo.

Jeshi lote limesimama juu ya ngazi. Koplo hampi amri sajini, sajini hampi amri luteni. Halafu anatokea koplo mmoja wa MP, anasimamisha gari la mkubwa, anapiga saluti vizuri kabisa, kisha anasema, "Afande, naomba tiketi ya kazi ya gari na kitambulisho." Kwa heshima, lakini anaomba na ni lazima apewe. Huyo koplo amebeba mamlaka ya provosti, na mamlaka hayo hayasomwi begani.

Waingereza waliliona hilo mapema. Sheria yao ya jeshi ya 1955 ilisema ofisa wa provosti na aliye chini yake wanaweza kumkamata askari au ofisa yeyote, ila ofisa asikamatwe hivyo bila amri ya ofisa mwingine. Yaani waliweka breki maalumu, kwa sababu walijua koplo kumshika kapteni ni jambo litakalowasha moto. Breki iliwalinda maofisa. Askari wa kawaida hakuwekewa breki, na yeye analiona hilo.

#5 Wakili_Kakamega
Naongeza upande wa sheria, maana nimeona watu wanaandika kama bado tuko enzi za Cap 199, ile sheria ya zamani ya majeshi.

Sheria ya Majeshi ya Ulinzi ni ya 2012, ilikuja kufuatia Katiba ya 2010. Mahakama ya kijeshi imetajwa katika kifungu cha 169 cha Katiba miongoni mwa mahakama za chini, na rufaa yake inakwenda Mahakama Kuu. Zamani wakili mshauri wa jeshi alikaa pembeni akishauri tu. Sasa yeye ndiye anayeongoza kikao, akiwa na wajumbe wasiopungua 5 kama mshtakiwa ni ofisa, na wasiopungua 3 kama ni askari wa kawaida.

Kwa MP badiliko hilo ni kubwa. Faili lililoandikwa kiholela, lenye saa zisizolingana au shahidi aliyeandikiwa maneno, linararuliwa na wakili wa utetezi mbele ya mtu aliyesomea sheria. MP mzuri wa leo anaogopa maswali ya mahakamani kuliko askari anavyomwogopa yeye.

#6 SalgaaMpakaMauSummit
Nyote mmesahau barabara. Askari wengi hukutana na MP barabarani kuliko gadirumu. Msafara wa lori 30 ukitoka Gilgil kuelekea magharibi, MP ndiye anayepanga: nani mbele, kasi gani, nani asipite nani. Dereva ana usingizi, ana njaa, anataka kufika, na MP wa pikipiki anamwashia taa arudi nyuma aweke nafasi. Kwa lori 30 ni dakika 5 tu zinapita pale Salgaa, lakini dereva atamlaumu MP wiki nzima. Chuki ya MP ni chuki ya dereva kwa anayemwambia punguza mwendo.

#7 Kombania_B
#6, hoja nzuri, ila hesabu yako ni ya boda boda anayeendesha peke yake. Hebu tupige tena.

Msafara hauendi kama mkufu mmoja. Hukatwa mafungu ili raia waweze kupita katikati, na ili ajali ya gari moja isizuie yote. Chukua mafungu 3 ya lori 10. Mchana nafasi kati ya lori na lori iwe mita 100, na lori moja lina kama mita 8. Fungu moja ni nafasi 9 mara mita 100, ongeza mita 80 za magari yenyewe, inakuwa mita 980. Kwa kilomita 40 kwa saa, fungu linapita mbele yako kwa takriban dakika moja na nusu. Mafungu matatu ni dakika 4 na nusu. Kati ya fungu na fungu ukiacha dakika 5, mara mbili, ni 10. Jumla dakika 14 na nusu, na hiyo ni barabara tambarare. Kwenye mlima lori zikishuka hadi kilomita 20 kwa saa huku nafasi ikishikwa, kila fungu linachukua karibu dakika 3, na jumla inafika 19.

Dakika 19 hizo zina maana. MP wa makutano akidhani ni 5, atafungulia magari ya raia fungu la tatu likiwa bado linapanda. Hapo ndipo ajali hutokea. Gari la kwanza hubeba bendera ya buluu na la mwisho ya kijani kwa utaratibu wa NATO, ili mtu wa makutano asibahatishe: hajaona kijani, hafungui.

#8 SalgaaMpakaMauSummit
Nimekubali hesabu, mkuu. Nilihesabu yale 4 na nusu nikasahau nafasi za katikati. Ila hoja yangu haijafa: dereva haoni bendera ya kijani, anaona mtu anayemchelewesha.

#9 Ganda_Tupu
Wadau, mmezunguka yote mkaacha tukio linalojenga jina baya la MP kuliko yote: risasi iliyopotea. Nieleze kidogo, maana raia wengi hawajui uzito wake.

Chukua siku ya shabaha. Askari 30, kila mmoja risasi 20, jumla 600. Jioni lazima irudi namba ile ile: maganda matupu, pamoja na risasi ambazo hazikupigwa, pamoja na zilizogoma. Ikirudi 599, hakuna anayetoka. Kamanda anafunga kambi, paasi (ruhusa za kutoka) za wikendi zinasimama, na anayesimama getini kutekeleza ni MP. Kama ni Ijumaa na mtu alikuwa ameshakata tiketi ya basi la Busia, unadhani usiku huo atamtaja nani kwa jina baya?

Ukifuatilia, kosa halikuanzia getini. Huanzia asubuhi kwenye kasha. Mtu anapokea magazini, anatia sahihi ya 20 bila kuzitoa na kuzihesabu kwa kidole, kumbe ziko 19 tangu mwanzo. Au mmoja anawatilia sahihi watatu ili foleni iende. Au ganda limerukia kwenye nyasi. Bunduki ya G3 inatupa ganda mbali sana, mita kadhaa kwa nguvu, na kama mstari wa shabaha haukufyekwa au haukutandikwa turubai upande wa kulia, utatafuta kwa tochi mpaka usiku wa manane.

Halafu kuna wanaotaka kumaliza mambo haraka. Mtu anachomoa ganda la zamani alilookota kwingine, analitupia kwenye ndoo ili namba ijae. Hapo mpelelezi wa MP anayeijua kazi yake anakaa chini na kugeuza maganda moja moja. Chemba ya G3, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, ina mifereji midogo kwa urefu wake, kwa hiyo ganda lake hutoka na mistari ya moshi ubavuni, sambamba, kama kalamu imepita, na mara nyingi lina kibonyeo lilipogonga mwili wa bunduki. Ganda la bunduki nyingine ya risasi za milimita 7.62 yenye chemba laini halina mistari hiyo. Moja lisilo na mistari katikati ya 599 yenye mistari, na kosa la uzembe wa kuhesabu limegeuka kuwa kosa la udanganyifu.

Bweni zima litasema MP amewaonea. Lakini risasi moja ikitoka kambini, haiendi kupamba kabati la mtu. Inaweza kuishia kwenye wizi wa mifugo au kwenye matatu. Mimi ningependa zaidi anayefunga geti kuliko anayefumba macho.

#10 NamLolwe
Maelezo safi #9. Na pale gadirumu, kwenye shimo la mchanga la kuondolea risasi, kosa ni moja miaka yote: mtu anavuta koki, ule mkono wa kupandishia risasi, kabla ya kutoa magazini. Anatoa risasi iliyo chemba, na papo hapo anapandisha nyingine. Kisha anafyatua akiamini iko tupu. Kinachotakiwa ni magazini kwanza, halafu koki, halafu jicho na kidole ndani ya chemba, ndipo ufyatue kuelekea mchanga. MP akikuandikia kosa hilo anaonekana mkorofi, ilhali aliyesimama nyuma yako angeweza kuwa ndiye wa kuzikwa.

#11 MamaKibuye
Samahani natoka nje kidogo. Hapa soko la Kibuye marobota ya mitumba huwa na jaketi za mabaka za majeshi ya nje. Wauzaji wanasema MP akija Kisumu anakamata raia aliyevaa. Ni kweli MP anaweza kumkamata raia?

#12 Wakili_Kakamega
Mama, kazi ya MP iko kwa watu walio chini ya sheria ya jeshi. Raia ni wa polisi wa kawaida. Ila usitulie kwa hilo, maana sheria ya nchi inakataza raia kuvaa sare za jeshi au nguo zinazofanana nazo, hata kama lebo inasema ni za Ujerumani. Polisi wakiipata kwenye meza yako, kusema ilikuja na robota hakukusaidii sana. Itenge robota linapofunguliwa, usiitundike.

#13 MamaKibuye
Ahsante wakili. Nimewapitishia wenzangu.

#14 Kumbukumbu_za_Bonde
Tukirudi kwenye mada: mnasema cheo, barabara, risasi. Haya yote ni ya juzi. Jina baya la MP ni la zaidi ya karne moja na halikuanzia Kenya.

Katika Vita Kuu ya Kwanza, polisi wa jeshi la Uingereza waliwekwa nyuma ya mstari wa mapigano kwenye vituo vya kuwakusanya waliorudi bila amri. Aliyejeruhiwa alipitishwa, asiye na jeraha alirudishwa mbele. Kulikuwa pia na adhabu ya uwanjani namba moja: askari anafungwa kwenye nguzo au gurudumu hadi saa 2 kwa siku, mbele ya wenzake. Ilifutwa 1923. Wajerumani wa Vita ya Pili waliwaita polisi wao wa uwanjani Kettenhunde, mbwa wa minyororo, kwa sababu ya bamba la chuma lililoning'inia kifuani kwa mnyororo. Waingereza wenyewe huwaita wao nyani. KAR (King's African Rifles), jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki, iliundwa na Waingereza hao hao, na askari wetu walirithi mazoea yao pamoja na matusi yao.

Kwa hapa kwetu ongezeni Lanet, tarehe 24 Januari 1964, askari wa 11 Kenya Rifles walipoasi. Kikosi cha mizinga cha Waingereza kutoka Gilgil ndicho kilichozima uasi, mahakama za kijeshi zikakaa, na batalioni ikavunjwa. Kisha tarehe 1 Agosti 1982 askari wa Jeshi la Anga wakajaribu kupindua serikali, na baadaye jeshi hilo likavunjwa lote na kuundwa upya. Jeshi lililopitia hayo mawili haliwezi kumtazama anayekamata askari kama mtu wa kawaida.

#15 Kombania_B
#14, historia ya 1914 nakubali. Ya kwetu umeibebesha MP mzigo usio wake. 1964 umeandika mwenyewe kwamba ni kikosi cha mizinga kutoka Gilgil. Na 1982, waliowakamata wanaanga kwa wingi walikuwa askari wa nchi kavu wa vikosi vya kawaida. Kama kukamata ndiko kunakoleta chuki, mbona askari wa miguu hachukiwi?

#16 Kumbukumbu_za_Bonde
Kwa sababu askari wa miguu alikamata siku chache akarudi kazini kwake. MP hukamata kila wikendi. Kumbukumbu ya watu haichambui nani alishika nani. Inashika sare iliyo karibu.

#17 Breki_na_Klachi
Mimi niko upande wa MP kwa jambo moja: ajali. Dereva wa jeshi anapogongana na probox ya raia, adui wake mkubwa ni mchoro mbaya.

MP aliyefunzwa hakubali gari lisogezwe kabla ya vipimo, isipokuwa kuna mtu wa kuokoa. Anatafuta alama mbili zisizohama, kwa mfano nguzo ya umeme na ukingo wa kalvati, na kila kitu kinapimwa kutoka zote mbili: magurudumu ya kila gari, mwanzo na mwisho wa alama za breki, vioo vilipoangukia. Kipimo kutoka alama moja tu hakifai, kwa sababu gari linaweza kuwa popote kwenye duara. Anaandika hali ya lami, mvua, taa, na kama breki ya mkono ilikuwa juu. Anachukua tiketi ya kazi kuona kama safari iliidhinishwa na kama njia aliyopita ndiyo iliyoandikwa. Polisi wa trafiki nao wanafanya yao na kutoa abstrakti, hati yao ya taarifa, na nakala huingia kwenye faili.

Kosa linalotokea sana ni utepe wa kupimia kupita juu ya shimo au kulegea, ukaongeza nusu mita. Nusu mita inaweza kumhamisha dereva kutoka upande wake wa mstari wa kati hadi upande wa mwenzake. MP makini humpa mtu wa pili ashike na kupima upya. Madereva wengi wanaomtukana MP, mchoro wa MP ndio uliowatoa kwenye lawama.

#18 JiraniWaGilgil
#17, naona umeshaomba uhamisho kwenda MP kimya kimya. 😀 Tutakukumbuka kantini.

#19 MwanaLanet
Nashukuru sana wote. Nimesoma kila bandiko. Bado sijajua nimuunge mkono nani, maana #3 anasema ni kutoka nje ya familia, #4 cheo, #6 barabara, #9 risasi, #14 historia. Basi swali la kazi: kuruti akipangiwa MP, afanye nini asiharibu maisha yake na asiharibu kazi?

#20 Ganda_Tupu
Asijaribu kuwa rafiki wa wote kwa kufumba macho. Akimwachia mmoja paasi iliyopitwa na saa mbili, kesho kutwa wote watajua bei yake. Kosa la wa kwanza na la wa mwisho alitendee sawa, na saa ya kitabu iwe saa ya kweli. Maneno yawe machache: jina, namba, kosa, saa. Kufoka mbele ya wenzake, hapana. Askari anasamehe kukamatwa, kuaibishwa hasamehi.

#21 NamLolwe
Na hapo #20 ndipo nakuja kusema kwamba wapo MP wanaofoka, wengi, na jina baya wamelitafuta wenyewe. Tusiwapake asali wote. Kijana wa miaka 22 akipewa mamlaka juu ya sajini wa miaka 40, na hakufundishwa namna ya kumwita kando, ataharibu. Mafunzo yakikazia sheria na kusahau adabu, yatatoa watu wa kuchukiwa.

#22 Wakili_Kakamega
Pia ajue mipaka. Watu hapa husema askari hana haki akiwa mahabusu. Kifungu cha 24(5) cha Katiba kinaruhusu sheria kubana baadhi ya haki za wanajeshi, ikiwemo haki za aliyekamatwa za kifungu cha 49, kwa hiyo lile la kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24 usilitumie kijeshi bila kusoma sheria yenyewe. Lakini kifungu cha 25 hakibanwi kwa yeyote: kutoteswa, kusikilizwa kwa haki, na amri ya kumfikisha aliyeshikiliwa mbele ya mahakama. MP anayempiga aliye mahabusu ametenda kosa kubwa kuliko la huyo aliyemshika.

#23 Breki_na_Klachi
#21 na #3 ni kama mnasema jambo moja, ila mmoja analaumu mtu na mwingine analaumu mpangilio. Mimi bado niko na mpangilio. Hata malaika akipewa kitabu kile, kantini itanyamaza.

#24 NamLolwe
Malaika angeanza kwa kumwita sajini kando.

#25 BusiaRoundabout
Wakuu, samahani kwa kuchelewa kuingia. Kuna kijana yuko livu, kitambulisho cha kazi kimepotea kwenye matatu kati ya Kisumu na Kakamega jana jioni. Livu inaisha Jumapili. Anataka kungoja akaeleze getini. Ni sawa?

#26 Kombania_B
Hapana, asingoje hata saa moja. Aende kituo cha polisi kilicho karibu sasa hivi, aripoti, achukue namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi) na abstrakti. Papo hapo apige simu kikosini, aongee na aliye zamu, aandike jina na cheo cha aliyepokea na saa aliyopokea. Arudie kwenye stendi aliyoshukia, aulize makanga wa gari lile, na aandike aliambiwa nini. Akifika getini awe na abstrakti mkononi, si mfukoni.

MP atamuuliza mambo mawili tu mwanzoni: ulijua saa ngapi kwamba kimepotea, na uliripoti saa ngapi. Kati ya jana jioni na leo tayari kuna usiku mzima wa kueleza. Mwambie aende.

#27 BusiaRoundabout
Ameshavaa viatu. Asanteni.